Kuzuia Nzi Kwenye Mabanda ya Ng'ombe Wakati wa Joto

Kuanzia mwishoni mwa Agosti baridi ya Nyanda za Juu Kusini huanza kulegea. Kufikia Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika sawasawa, ofisi yetu hupokea barua zinazofanana kutoka kamati za sharika: ng'ombe wa mradi wanasumbuliwa na nzi, tunaomba fedha za dawa. Barua hizo hutoka Rungwe na Mbarali, hutoka Kilolo, Isimani na Mufindi. Kwa miaka mingi tulizijibu kwa njia moja, yaani kutuma fedha za dawa pale zilipopatikana. Katika toleo hili tunapenda kueleza kwa nini jibu hilo tumelibadilisha, na tunaomba kamati zisome somo hili pamoja na wafugaji wenyewe. Wafadhili wetu nao wasome, kwa kuwa sehemu ya kosa ilitokana na bajeti tulizowaletea sisi.

Tulichokiona Rungwe

Usharika mmoja wilayani Rungwe ulikuwa na mradi wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Utaratibu wake wasomaji wetu wanaujua: familia hupewa mtamba mwenye mimba, na ndama jike wa kwanza akishakua hupewa familia inayofuata kwenye orodha. Oktoba moja kamati iliandika kwamba nzi wamezidi na maziwa yamepungua. Tulinunua dawa ya kunyunyizia na bomba moja la mgongoni, tukavipeleka, na katika taarifa ya robo mwaka tukaandika kwamba tatizo limeshughulikiwa. Baada ya wiki tatu barua ikaja tena. Safari hii tulikwenda wenyewe.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mjane mwenye watoto wanne. Alitupokea vizuri, akatuomba tusimsogelee ng'ombe kwa nyuma kwa sababu siku hizo anapiga. Ng'ombe mwenyewe alikuwa anapigapiga miguu chini bila kupumzika, anatupa kichwa hadi ubavuni, na mkia hautulii. Malisho yalikuwa mbele yake lakini hayali. Miguu ya mbele, kuanzia gotini kushuka, ilikuwa na vidonda vidogo vyenye damu. Mama alisema ndoo ya asubuhi ambayo zamani ilikuwa inajaa sasa inafika nusu, na mara mbili ng'ombe alikuwa ameipiga teke ikamwagika yote. Maziwa ya asubuhi ndiyo aliyokuwa anauza, ya jioni yalikuwa ya watoto. Sare za shule na madaftari vilitegemea ndoo hiyo ya asubuhi. Ndama naye alikuwa amekonda, na familia iliyokuwa inamsubiri ilikuwa imeanza kunung'unika kwamba inacheleweshwa makusudi. Dawa yetu mama alikuwa ameinyunyiza kila wiki kama alivyoelekezwa.

Mzee wa kanisa aliyetusindikiza alizunguka nyuma ya banda, akatuita. Kulikuwa na rundo la mabaki ya malisho, mabingobingo na majani ya migomba yaliyochanganyika na mkojo na kinyesi, limefika kiunoni. Akalifukua kwa fimbo. Chini ya tabaka la juu lililokuwa limekauka, funza weupe walikuwa wamejaa kama mchele uliomwagika.

Banda halikuwa na mfereji wa mkojo. Mchoro wa banda hilo tulikuwa tumeutoa sisi. Katika bajeti tuliweka mabati, misumari, saruji ya hori na dawa. Toroli na chepe hatukuweka, kwa kudhani kila nyumba inavyo. Mama alikuwa na jembe na ndoo iliyotoboka.

Nzi hawa ni wa aina gani

Wengi wetu tunasema "nzi" tukidhani ni mdudu mmoja. Kwenye banda la ng'ombe kuna angalau wa aina tatu, na kila mmoja ana tabia yake.

Yupo nzi wa kawaida tunayemfahamu nyumbani. Haumi. Hulamba jasho, machozi, mate, usaha na maziwa. Madhara yake ni uchafu anaoubeba miguuni: anatoka kwenye kinyesi anatua kwenye chuchu, anatoka kwenye kidonda anatua kwenye ndoo. Yeye na ndugu zake wanaopenda kukaa usoni mwa ng'ombe husambaza ugonjwa wa macho, ule ambao jicho hutoa machozi kisha linafunga utando mweupe, na ndama wasipotibiwa mapema wengine hupofuka. Pia husaidia kueneza ugonjwa wa kiwele. Wanaouza maziwa kwenye vituo vya kukusanyia wanajua maana yake: maziwa yaliyoingia uchafu huharibika haraka, na yakikataliwa kwenye kipimo hurudi nyumbani na mwenyewe.

Yupo nzi wa mazizini anayeuma. Huyu ndiye aliyekuwa miguuni mwa ng'ombe wa yule mama. Kwa mbali anafanana kabisa na nzi wa nyumbani, na ndiyo maana watu hawamtambui, lakini ukimtazama kwa karibu ana mdomo mgumu uliochomoza mbele kama sindano. Dume na jike wote hunyonya damu. Hupenda sehemu ya chini ya miguu, hukaa kichwa kikiwa juu, hunyonya kwa dakika chache, kisha huruka kwenda kupumzika ukutani au kwenye nguzo akiyeyusha damu aliyoinywa. Kwa hiyo ng'ombe mmoja unayemwona na nzi kumi miguuni, kwa siku nzima ameumwa na nzi wengi kuliko hao. Maumivu hayo ndiyo yanayomfanya ng'ombe asile, na ng'ombe asiyekula hawezi kutoa maziwa, hata apewe pumba na mashudu ya alizeti kiasi gani.

Nzi huyu pia hubeba magonjwa mdomoni akikatizwa kunyonya kwa ng'ombe mmoja na kumalizia kwa mwingine. Mojawapo ni ugonjwa wa mapele ngozi, ambao uligunduliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1929 nchini Zambia, jirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma. Ugonjwa huo una chanjo, na kamati zisingoje hadi mapele yaonekane ndipo zimtafute mtaalamu wa mifugo.

Wa tatu ni mbung'o, ambaye wengi huku wanamwita ndorobo. Huyu tutamzungumzia mbali kidogo chini, kwa sababu karibu kila tutakachosema kuhusu samadi hakimhusu.

Anakozaliwa

Jambo ambalo tungependa kila mfugaji alishike ni kwamba nzi hazaliwi juu ya ng'ombe. Ng'ombe ni mahali anapokuja kula. Anazaliwa kwenye uchafu wenye unyevu ulio hatua chache kutoka hapo, na unyunyizaji wote tunaoufanya mgongoni mwa ng'ombe hauwagusi watoto wake.

Jike wa nzi wa nyumbani hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja, na hutaga mara kadhaa katika maisha yake. Wakati wa joto, kutoka yai hadi nzi anayeruka ni kama siku 10 tu. Nzi wa mazizini huchukua karibu wiki tatu. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, huku kwetu, muda huo hurefuka sana, na ndiyo sababu tunawasahau. Joto likirudi hesabu hubadilika. Tuchukue mfano mdogo: jike mmoja ametaga mayai 100, nusu yao ni majike, kila mmoja naye ametaga 100. Kama wote wangeishi, kwa vizazi viwili tu tungekuwa na nzi 5,000 kutoka kwa yule mmoja. Kwa bahati nzuri wengi huliwa au hufa, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini kazi ya Septemba ni rahisi kuliko kazi ya Desemba.

Nzi wa nyumbani hutaga kwenye kinyesi kibichi. Nzi wa mazizini anapenda zaidi majani yanayooza, yaliyolowa mkojo na kuchanganyika na samadi: mabaki chini ya hori, matandiko ya ndama, kingo za rundo, saileji iliyoharibika. Hilo lilitushangaza, kwa sababu tumeona mabanda ambayo kinyesi kinazolewa kila siku lakini mabaki ya malisho yanaachwa pale pale yakirundikana, mwenye banda akiamini ni masafi kwa kuwa ni majani tu. Ukitaka kujua nzi wako wanakotoka, chukua kijiti ufukue pembeni mwa hori, kwenye kona, chini ya ndoo ya maji inayovuja na kwenye banda la ndama. Kona ya ndama husahauliwa kuliko zote.

Funza akikomaa huhama kutafuta mahali pakavu, hujifunga ndani ya ganda la kahawia linalofanana na punje ndogo ya ngano, na humo hugeuka nzi. Ukiona maganda hayo kwenye udongo unaozunguka rundo, umepata kiwanda chenyewe.

Kazi ya kufanya

Kwa kuwa nzi mwenye haraka kuliko wote anahitaji zaidi ya wiki moja kukamilika, banda linalosafishwa lote, mpaka kwenye kona, mara mbili kwa wiki haliwezi kukuza nzi ndani yake. Kila siku ni bora zaidi. Lakini tunasema mara mbili kwa makusudi, kwa sababu tumeona mafunzo yanayodai kila siku yanaachwa kabisa baada ya mwezi mmoja, hasa kwa akina mama ambao kukata majani, kuteka maji na kukamua vimeshachukua asubuhi yote. Kamati ichague siku mbili, kwa mfano Jumatano na Jumamosi, na siku hizo watoto na akina baba washiriki. Hatuoni kwa nini kazi ya samadi iwe ya mama peke yake wakati fedha za maziwa zinapangwa na wote.

Samadi iliyotolewa bandani inahitaji mahali pa kwenda, la sivyo tumehamisha tu kiwanda. Hapa ndipo Rungwe na Iringa zinapotofautiana.

Rungwe mvua ni nyingi karibu mwaka mzima, na rundo lililoachwa wazi halikauki. Njia iliyofaa kwa wengi ni kupeleka samadi moja kwa moja kwenye migomba na kahawa na kuitandaza nyembamba, siyo kuimwaga kwa mafungu. Ikitandazwa nyembamba hukauka hata kwa jua la saa chache, na funza hawawezi kuishi ndani yake. Siku za mvua mfululizo, rundo lifunikwe kwa turubai au nailoni iliyokandamizwa kwa mawe pembeni. Samadi iliyofunikwa vizuri hupata joto kali katikati, na joto hilo huua mayai na funza. Kwa kuwa kingo huwa za baridi, igeuzwe kila wiki, ya pembeni iingie ndani. Anayefanya hivyo anapata pia mboji nzuri, na kwa wafugaji wengine habari ya mboji ndiyo iliyowavutia kuliko habari ya nzi.

Upande wa Iringa, hasa Isimani na maeneo ya chini ya Kilolo, hali ni nyingine. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Katika kiangazi samadi ya zizi la wazi hukauka ikawa vumbi, na mfugaji mwenye ng'ombe wa asili, wale wekundu wa Iringa, haoni sababu ya kuhangaika nayo. Kisha inanyesha mvua ya kwanza. Samadi ya miezi sita, na mabua ya mahindi yaliyokanyagwa tangu Julai, vyote vinalowa kwa usiku mmoja wakati joto liko juu kabisa. Baada ya wiki mbili tatu nzi wanafumuka, na watu husema mvua imeleta nzi. Ushauri wetu kwa sharika za upande huo ni kukomba zizi mwezi Oktoba na kuipeleka samadi shambani kabla ya kupanda. Trekta la kijiji au mkokoteni wa punda ukodiwe kwa pamoja, maana kazi hii kwa toroli ni mateso. Anayeweza kuhamisha zizi na afanye hivyo, kama wazee walivyokuwa wakifanya, halafu palipokuwa na zizi apande mahindi.

Sehemu za baridi kama Mufindi tatizo letu kubwa limekuwa mabanda yaliyozibwa pande zote. Tunaelewa nia, ndama asipigwe na baridi. Lakini banda lililozibwa huwa na unyevu na joto, na nzi hufurahia mahali pasipo na upepo. Ukuta wa upande unaotoka upepo wa baridi uzibwe; upande wa pili uachwe wazi kuanzia kifuani mwa mtu kwenda juu.

Kuhusu sakafu tutasema kwa kifupi. Zege lenye mteremko mdogo, na mfereji unaopeleka mkojo kwenye shimo lililofunikwa, husaidia kuliko dawa yoyote tuliyowahi kununua. Asiyeweza zege apange mawe bapa na kujaza kokoto katikati. Kwa nyumba yenye ng'ombe wawili wa ndani, mtambo wa biogesi nao ni jibu zuri, kwa sababu kinyesi kinaingia mtamboni kila siku kabla nzi hajapata nafasi, na mama anapikia. Taasisi ya CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikieneza mitambo hiyo kwa miaka mingi na mafundi wake wamefika huku kwetu. Gharama yake ya mwanzo siyo ndogo, na hatushauri usharika uanze nayo kabla ya kuzoea toroli.

Wengine wametuuliza kuhusu kuku. Kuku wa kienyeji wakiruhusiwa kuchakura kwenye rundo hula funza wengi, hilo ni kweli. Wasilale tu ndani ya banda la ng'ombe, wala kujisaidia ndani ya hori.

Dawa na makosa yake

Hatusemi dawa isitumike kabisa. Tunasema ije ya mwisho, na itumike kwa kujua.

Kosa la kwanza, ambalo nasi tulilifanya, ni kununua dawa ya kupe tukitarajia iue nzi. Dawa zenye amitrazi, zinazotumika sana kuogesha ng'ombe, ni nzuri kwa kupe lakini kwa nzi hazifanyi kazi. Dawa zinazoua nzi na kupe kwa pamoja ni zile za jamii ya deltamethrini na saipamethrini, za kunyunyiza au za kumwagia mgongoni. Tulipoisoma upya chupa tuliyoipeleka Rungwe, ilikuwa ya amitrazi. Muuzaji hakutudanganya, tuliomba "dawa ya ng'ombe ya kunyunyizia" na ndiyo tuliyopewa. Kamati inapokwenda dukani iulize jina la kiini cha dawa na siyo jina la chupa, na isome karatasi yake pale pale kaunta.

Kosa la pili ni kunyunyiza mgongo na kuacha miguu. Nzi anayeuma yuko chini ya goti na tumboni, hivyo bomba lielekezwe huko. Kuta na nguzo anazopumzikia ni muhimu vilevile, ikiwa lebo ya dawa inaruhusu, lakini hori na chombo cha maji viondolewe au vifunikwe kwanza.

Kosa la tatu linatutia hofu zaidi: wapo wanaochukua dawa ya wadudu wa mahindi au mboga wakaichanganya kwa kukisia na kumwogesha ng'ombe wa maziwa. Watoto wanakunywa maziwa hayo. Dawa isiyoandikwa kwamba ni ya mifugo isimguse ng'ombe, na hata iliyo ya mifugo ina maelekezo yake kuhusu muda wa kusubiri kabla ya kutumia maziwa. Anayenyunyiza avae glavu na afunge mdomo na pua. Bomba la magugu lisitumike kwa ng'ombe, hata kama limeoshwa.

Na ikitumika dawa ya aina moja kila wiki, miaka nenda rudi, nzi wachache wanaoistahimili ndio wanaobaki kuzaa. Hapo itakuja siku dawa itakapohitajika kweli na isifanye kazi.

Tumeulizwa pia kuhusu pareto, na swali hili linastahili jibu kwa kuwa ni zao letu. Maua ya pareto yanalimwa Mufindi, Makete na milima ya Umalila huko Mbeya, na kiwanda cha kuyakamua kipo Mafinga. Kiini chake huangusha nzi kwa haraka sana, na dawa za deltamethrini na saipamethrini tulizozitaja zilitengenezwa na wanasayansi kwa kuiga kiini hicho. Tofauti ni kwamba pareto ya asili huvunjika upesi kwenye jua, ndani ya saa chache. Hiyo ni faida kwa chakula na mazingira, lakini ni hasara kwa anayetaka dawa ya kudumu mgongoni mwa ng'ombe anayeshinda nje. Inafaa zaidi ndani ya banda jioni. Dawa zilizotengenezwa kiwandani kutokana na pareto zina vipimo. Kusaga maua nyumbani na kumpaka ng'ombe hakuna kipimo, na hatuwezi kukushauri. Utupa, ambao baadhi ya wazee huutumia kwa kupe, nao una sumu inayoua samaki. Anayeutumia asioshee chombo chake mtoni.

Moshi wa kinyesi kikavu jioni hufukuza nzi kwa muda unaowaka tu. Tusiufanye ndani ya banda lililozibwa, mapafu ya ndama na macho ya watoto yanaumia.

Wanaoishi karibu na pori

Sharika zilizo karibu na Hifadhi ya Ruaha, na zile za upande wa Chunya, zina tatizo la mbung'o, na huko kusafisha banda hakutoshi. Mbung'o hatagi mayai kwenye samadi. Jike huzaa funza mmoja mmoja, takriban kila baada ya siku 9 au 10, na humweka kwenye udongo wenye kivuli porini. Ugonjwa anaoleta kwa ng'ombe ni nagana: mnyama hukonda, hupungukiwa damu, hutupa mimba na hatimaye hufa. Kinga yake ni dawa ya jamii ya deltamethrini kwa ng'ombe, na mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, rangi ambazo nzi hawa huzifuata. Uko mtego uliobuniwa nchini Kenya ambao watafiti wameupa jina la Kiswahili, Nzi, na hukamata mbung'o pamoja na nzi wengine wanaouma.

Kwamba mbung'o anaweza kushindwa kabisa tunalo ushahidi hapa hapa Tanzania. Kisiwani Unguja walianza kwa kumwagia ng'ombe dawa na kutundika vitambaa vyenye dawa. Kisha, kuanzia 1994, wakaachia kwa ndege mamilioni ya madume waliofanywa tasa, waliozalishwa katika kituo cha Tanga. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Lakini Unguja ni kisiwa, na Ruaha haina bahari ya kuizunguka, kwa hiyo tusitegemee jambo hilo kwa usharika mmoja.

Punda milia wa Ruaha nao wana somo lao. Mwaka 2019 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuwachora ng'ombe weusi mistari myeupe kama ya punda milia, na nzi wanaouma waliowatua walipungua kwa karibu nusu. Tumewasimulia wafugaji wetu na wamecheka sana. Hatujaweka rangi kwenye bajeti.

Kuhesabu miguu

Tangu safari ile ya Rungwe tumeacha kuuliza "Je, nzi ni wengi?" kwa sababu kila mtu hujibu kwa namna yake. Badala yake tunahesabu. Simama pembeni mwa ng'ombe kwa utulivu mchana, wakati jua limepanda, hesabu nzi wanaouma walio kwenye kila mguu wa mbele kuanzia gotini kushuka, fanya hivyo kwa ng'ombe wote wa kikundi, kisha tafuta wastani kwa mguu. Wafugaji wa Marekani hutumia kipimo cha nzi 5 kwa mguu: wakifika hapo hasara inaonekana. Kwa ng'ombe wetu wadogo wenye malisho haba hatungependa kungoja hata wafike hao 5.

Kwa yule mama tulianza kuhesabu wiki ile tuliyopeleka toroli, chepe na reki, vitumike kwa zamu katika nyumba sita. Rundo lilibebwa na vijana wa usharika kwa siku mbili hadi kwenye migomba. Wiki mbili za mwanzo hesabu haikushuka, na kamati ikatupigia simu kulalamika. Nzi waliokwisha kuzaliwa walikuwa bado hai na wengine walikuwa bado kwenye maganda. Katika wiki ya nne ilishuka. Ng'ombe alianza kutulia wakati wa kukamuliwa na vidonda vikakauka. Ndama alikabidhiwa kwa familia ya pili mwaka uliofuata, akiwa amechelewa kwa miezi kadhaa, na familia hiyo haijasahau kuchelewa huko. Toroli lilipasuka tairi ndani ya mwaka wa kwanza, na zamu ikavurugika mpaka kamati ilipoamua kila nyumba ichangie lita moja ya maziwa kwa mwezi kwa ajili ya matengenezo.

Kwa hiyo kuanzia robo ijayo fomu ya maombi ya miradi ya ng'ombe itakuwa na mabadiliko. Kila banda jipya litachorwa pamoja na mfereji na shimo la mkojo, na vifaa vya kuzolea samadi vitakuwa ndani ya bajeti, kundi moja kwa kila nyumba tano au sita. Tunawaomba wafadhili wasiviondoe vinapoonekana ni vitu vidogo. Maombi ya dawa ya nzi yataambatanishwa na hesabu ya miguu ya wiki mbili mfululizo, jina la kiini cha dawa inayoombwa, na maelezo ya mahali rundo la samadi lilipo kutoka bandani, kwa hatua. Fomu zirudishwe ofisini kabla ya mwisho wa Septemba.